Somo la mwezi: Gari inayokunywa maji



Kwenye ukurasa huu mumezoea kusoma juu ya mihogo, maharagwe, mbolea na udongo. Leo tutasoma juu ya gari. Mtu anaweza kuuliza: agronomu naye anatafuta nini ndani ya moteri? Jibu ni hili. Tomati iliyovunwa Kamanyola haina bei nzuri mpaka ifike Bukavu. Ikiozea njiani, kazi yote tangu kitalu mpaka mavuno imepotea. Na katika kooperative zetu nyingi, kinachobeba mavuno ni gari ya zamani ya familia moja: Noah, Carina, Hilux au RAV4. Jumapili inapeleka watoto kanisani, Jumatatu inapakia visanduku.

Gari hizo zina magonjwa mengi. Nimechagua moja tu, kwa sababu linaua moteri nyingi na dalili zake zinaonekana mapema: maji ya radiateri yanapungua na hakuna anayejua yanaenda wapi.

BIDONI YA NJANO

Mjomba wangu alikuwa na Noah ya zamani. Mtoto wake, ambaye ni mdogo wangu, ndiye alikuwa shofere. Kila juma alishuka uwanda wa Ruzizi, akapakia tomati, kiisha akapanda mlima wa Ngomo kurudi Bukavu kwa njia ya Nyangezi.

Nyuma ya kiti kulikuwa bidoni ya njano ya lita 5. Nilisafiri naye mara mingi. Kila mara, kabla ya kuanza kupanda, alisimama kwenye kijito, akajaza bidoni, akaongeza maji kwenye radiateri. Mwanzoni ilikuwa nusu lita. Miezi miwili baadaye ilikuwa lita mbili. Sisi tulicheka tu: «Gari mzee, inapenda maji.»

Siku moja, katikati ya mlima, mshale wa joto kwenye tablo ulipanda juu. Mdogo wangu alipunguza mwendo. Dakika chache kiisha mshale ukashuka. Akafurahi, akafikiri moteri imepoa, akaendelea. Hatukujua kwamba mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kabisa. Kabla ya kufika juu, moteri ilizimika na haikuwaka tena.

Kichwa cha moteri, ambacho mafundi wetu wanaita kilasi, kilikuwa kimepasuka. Tomati za familia tano zililala njiani siku mbili ndani ya jua na mvua. Familia mbili kati ya hizo zilikuwa zinangojea pesa hizo kwa kulipa minervali ya watoto. Gari ililala garaji miezi mitatu.

Fundi alipofungua, alituonyesha mpira mfupi wa maji nyuma ya moteri. Chini ya pete ya chuma inayoubana kulikuwa ufa wa urefu wa ukucha. Pembeni ya ufa kulikuwa alama nyeupe na ya kutu, ngumu kama ukoko wa sufuria. Alisema: «Hii alama haikuja jana. Imewaita siku mingi, hamukuangalia.»

Niliona aibu. Mimi kila siku nawaambia wakulima: usipulize dawa kabla ya kujua ugonjwa. Jani la maharagwe likigeuka njano tunauliza: ni majani ya chini ao ya juu? Ni mmea mmoja ao mstari mzima? Tunang'oa mmoja, tunaangalia mizizi. Lakini kwa gari niliona bidoni kila juma na sikuuliza hata swali moja. Kumwaga maji kila siku bila kuuliza ni sawa na kupuliza dawa bila kujua mdudu.

ELEWA KWANZA: GARI HAINYWI MAJI

Mafuta yanachomwa ndani ya moteri, kwa hiyo lazima yaishe. Maji ya radiateri hayachomwi. Yanazunguka tu. Pompi inayasukuma kuzunguka ndani ya moteri, yanachukua joto, yanapita ndani ya radiateri, upepo unayapoza, kiisha yanarudi. Termostati ni mlango mdogo unaofunguka moteri inapopata joto ya kutosha. Mzunguko wote umefungwa kama ngoma.

Basi, kama unaongeza maji kila juma, ujue kuna mahali yanatoka. Milango ni mitatu tu:

1. Yanatoka nje: mpira, radiateri, pompi, ao radiateri ndogo ya ndani inayoleta hewa ya joto.
2. Yanatoka kama mvuke kupitia kifuniko cha radiateri.
3. Yanaingia ndani ya moteri yenyewe: yanachomwa na kutoka na moshi, ao yanachanganyika na mafuta ya moteri.

Mlango wa kwanza na wa pili, mara mingi, matengenezo yake si ya pesa mingi. Mlango wa tatu ni wa pesa mingi. Na mara mingi mtu anafika kwenye wa tatu kwa sababu alizarau wa kwanza ao wa pili.

KIFUNIKO NA CHUNGU CHA MAHARAGWE

Mama zetu wanajua jambo moja: maharagwe yanachelewa kuiva huku milimani kuliko Uvira. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwenye joto ya chini zaidi. Pembeni ya bahari, maji yanachemka kwenye digri 100. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka kwenye digri 95 hivi. Ndiyo maana wengine wanaweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu, mvuke usitoke ovyo.

Kifuniko cha radiateri kinafanya kazi ya lile jiwe. Kina springi na mpira wa duara. Kinashikilia nguvu ya mvuke ndani, na maji hayachemki haraka. Angalia juu yake: mara mingi kuna namba, kwa mfano 0.9 ao 1.1. Kifuniko kizuri cha 0.9 kinafanya maji matupu hapa Bukavu yasichemke mpaka karibu digri 115.

Sasa fikiri: moteri nyingi zinafanya kazi vizuri kati ya digri 80 na 95. Kifuniko kikichoka, maji yetu ya milimani yanaanza kuchemka pale pale moteri inapofanya kazi ya kawaida. Kwa hiyo shofere wa huku kwetu asizarau kifuniko. Kwenye mlima, na mzigo mzito, ndicho cha kwanza kukuangusha.

USALAMA KABLA YA KUGUSA

Usifungue kamwe kifuniko cha radiateri kama moteri iko moto. Maji yaliyo juu ya digri 100 yataruka kama moto na kuunguza uso na mikono. Ngojea saa moja nzima ao zaidi. Gusa mpira wa juu wa radiateri: kama bado ni mgumu ao wa moto, ngojea tena. Kiisha weka kitambaa kinene, geuza kidogo kwanza, sikiliza, halafu fungua.

Gari nyingi zina ventilateri ya umeme ambayo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata moteri imezimwa. Toa ufunguo kabla ya kuweka mkono.

Na hili ni la sisi wafugaji: ile maji ya rangi ya kijani ao nyekundu inayouzwa kwa kupoza moteri mara mingi ina ladha tamu, lakini ni sumu kali. Mbwa, mbuzi ao mtoto akinywa kidogo anaweza kufa. Usiimwage kwenye mfereji, kwenye kisima cha samaki ao pembeni ya zizi. Iweke ndani ya bidoni yenye alama, mbali na maji ya kunywa.

HATUA 1: PIMA

Mkulima mzuri hasemi «mvua ilinyesha mingi», anasoma kipimo. Fanya vile vile. Jaza maji mpaka kipimo, moteri ikiwa baridi. Kama ulikuwa umeongeza mengi, acha moteri izunguke kidogo ili hewa iliyofungwa ndani itoke, kiisha kesho yake asubuhi jaza tena. Sasa weka alama ya kalamu ao kipande cha plasta kwenye chupa ya akiba.

Kwa juma moja, kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali pamoja palipo sawasawa, angalia alama. Fungua pia kifuniko cha radiateri wakati ni baridi, kwa sababu chupa inaweza kuonekana imejaa wakati radiateri iko wazi. Andika ndani ya daftari: tarehe, safari, mzigo, maji uliyoongeza.

Daftari itakuambia mambo. Maji yakipungua hata gari ikilala tu, tafuta mlango wa nje. Yakipungua tu siku ya mlima na mzigo, anza na kifuniko na mipira. Yakipungua na hakuna hata tone moja chini, fikiri mlango wa tatu.

HATUA 2: KARTONI YA USIKU

Jioni, weka kartoni kubwa safi chini ya moteri, juu yake mawe mawili upepo usiibebe. Chora alama mahali gurudumu la mbele lipo. Asubuhi angalia.

- Tone liko mbele kabisa: radiateri ao mpira wake wa chini.
- Tone liko upande wa mikanda ya moteri: pompi ya maji.
- Tone liko nyuma ya moteri: mipira inayoenda kwenye radiateri ndogo ya ndani.
- Hakuna tone, lakini zulia la miguu ni bichi, vioo vinapata ukungu, na ndani kunanuka utamu: radiateri ndogo ya ndani imetoboka.

Gusa lile tone kwa kidole. Maji ya radiateri yana rangi ao kutu na yanateleza kidogo. Mafuta ni meusi na mazito. Kama gari yako bado ina hewa ya baridi inayofanya kazi, maji safi yasiyo na rangi yanayodondoka mara tu unaposimama ni ya hiyo mashine, si ugonjwa.

Kwenye Noah za zamani, moteri iko chini ya viti vya mbele na radiateri iko mbele ya gari. Kwa hiyo mipira na mabomba ya maji ni marefu, yanapita chini, mahali mawe ya barabara zetu yanaruka. Usiangalie mbele tu. Inua viti, kiisha lala chini na tochi ufuate njia yote.

HATUA 3: TAFUTA ALAMA ILIYOKAUKA

Uvujaji mdogo hauachi maji chini. Maji yanagusa chuma ya moto na kukauka. Kinachobaki ni ukoko: mweupe, wa kijani ao wa kutu. Huo ukoko ni kama unga ambao mdudu anauacha kwenye shina la muhindi: mdudu humuoni, lakini unajua yuko ndani.

Moteri ikiwa baridi, safisha matope kwanza. Kiisha angalia kwa tochi:

Mipira. Ibane kwa mkono, mmoja mmoja. Mpira mzuri unarudi. Mpira uliochoka ni laini kama ndizi iliyoiva sana, ao mgumu na unalia kama majani makavu, ao umevimba karibu na pete. Sogeza pete uangalie chini yake, kwa sababu ufa unapenda kujificha pale.

Radiateri. Angalia pale plastiki ya juu na ya chini inapokutana na chuma. Plastiki ya zamani inageuka rangi ya kahawia na kupasuka. Angalia pia kama matope, wadudu na mbegu za majani zimeziba matundu ya upepo. Osha kwa maji ya pole pole. Nguvu kubwa inakunja vile vibati vyembamba.

Pompi. Chini ya pompi kuna kitundu kidogo kilichowekwa kwa makusudi. Pompi ikianza kufa, maji yanatoka pale. Usikizibe! Ukiona ukoko pale, ao pompi inalia, ao inacheza ukiitikisa, ibadilishwe.

Kifuniko. Angalia mpira wake: umepasuka? Umekuwa mgumu? Springi imekula kutu? Angalia pia chupa ya akiba. Kawaida moteri ikipata moto, maji yanaingia kwenye chupa, na ikipoa yanarudi kwenye radiateri. Kama chupa inajaa na hairudishi, mara mingi kifuniko ao kampira kadogo kanakounganisha chupa kana shida. Unaponunua kipya, chukua chenye namba ile ile. Namba kubwa zaidi haileti nguvu. Inapasua radiateri ya zamani.

HATUA 4: MLANGO WA TATU

Kati ya bloku ya moteri na kichwa chake kuna gasketi, kibati chembamba kinachobanwa katikati. Moteri ikichemka mara moja ao mbili, kichwa kinaweza kupinda na gasketi kuachia. Dalili zake:

- Moshi mweupe mwingi unaendelea hata moteri ikishapata moto. Lakini musichanganye: asubuhi ya baridi huku kwetu kila gari inatoa mvuke mweupe kwa dakika chache. Huo ni wa kawaida.
- Mafuta kwenye kijiti cha kupimia yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kifuniko cha mafuta tu, utando mdogo mweupe unaweza kutoka kwa unyevu wa safari fupi fupi. Kwenye kijiti, ni hatari. Usiwashe tena moteri hiyo.
- Asubuhi moteri inawaka kwa kutetemeka, kama silinda moja imelala, kiisha inatengemaa.
- Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla hata ya moto.
- Mapovu. Moteri ikiwa baridi kabisa, fungua radiateri, mtu mwingine awashe. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kuisha, ni gesi ya moteri inayoingia ndani ya maji. Zima kabla haijapata moto.

Dalili moja peke yake haitoshi kufungua moteri. Uliza fundi kama ana pompi ya mkono ya kujaribu radiateri: anaifunga mahali pa kifuniko, anaweka nguvu moteri ikiwa baridi, na uvujaji unajionyesha. Kuna pia dawa ya rangi ya bluu ambayo inageuka njano ikikutana na gesi ya moteri ndani ya radiateri. Fundi anayepima kabla ya kufungua ndiye rafiki wa mfuko wako.

DAWA ZINAZOFICHA UGONJWA

Kutoa termostati. Wengi wanasema inasaidia. Moteri inachukua muda mrefu kupata joto, inakula mafuta zaidi na kuchoka mapema. Na ufa uko pale pale.

Poda ya kuziba, yai ao pilipili ndani ya radiateri. Inaziba tundu, lakini inaziba pia vile vijia vyembamba vya maji. Kwa kufika nyumbani siku ya shida, labda poda. Kwa kila siku, hapana.

Maji ya kijito kila siku. Yanaleta mchanga, chumvi ya mawe na kutu, na yanakula pompi na radiateri kutoka ndani. Huku hakuna barafu, lakini ile maji ya rangi inahitajika kwa kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Kama ile uliyonunua haijachanganywa bado, nusu yake na nusu ya maji safi inatosha. Usichanganye rangi mbili. Aina zingine zikikutana zinaganda kama uji. Maji ya kuchanganya yawe yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa kuongeza kwenye betri, ao maji ya mvua iliyokingwa safi. Soma vizuri chupa: asidi ya betri nayo inauzwa karibu pale pale, na hiyo itakula moteri na mikono yako.

KAMA IMEKUPATA NJIANI

Mshale ukianza kupanda: punguza mwendo, zima hewa ya baridi, fungua hewa ya joto yote. Utatoka jasho, lakini ile radiateri ndogo inasaidia kupoza. Tafuta mahali pa kusimama bila hatari na uzime moteri.

Mshale ukishuka ghafla wakati moteri inanuka moto na haina nguvu, usifurahi. Kile kinachopima joto kinahitaji kuzama ndani ya maji. Maji yakiisha, kinapima hewa na kinadanganya. Hili ndilo lilitupata Ngomo. Simama mara moja.

Ngojea saa nzima. Usimwage maji baridi juu ya moteri ao ndani yake ikiwa moto, kwa sababu chuma ya moto ikipata baridi ghafla inapasuka. Kuchelewa saa mbili kunaharibu tomati chache. Kupasua kichwa kunaharibu zote, pamoja na za msimu unaofuata.

DAFTARI YA KOOPERATIVE

Sasa tunafika pahali pagumu. Baada ya ile ajali nilimuuliza mdogo wangu: «Juu ya nini hukusema kwamba maji yanazidi kupungua?» Akajibu: «Nikisema gari iko na shida, gari inalala garaji. Na siku gari inalala garaji, mimi nalala njaa.»

Hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa analipwa kwa safari. Sisi wenyewe, wenye mzigo, tulikuwa tumepanga mambo ili anyamaze. Na sisi tulipenda anyamaze, kwa sababu kila mmoja alitaka tomati yake ifike soko leo.

Kwa hiyo kooperative inayotumia gari ya mwanachama ipatane mambo haya manne:

1. Kuwe daftari ndani ya gari. Maji yaliyoongezwa yanaandikwa, hata robo lita.
2. Shofere anayesema ugonjwa mapema anapata kitu kidogo siku ya garaji. Asipoteze chakula kwa sababu alisema kweli.
3. Kila kisanduku kinachosafiri kiweke pesa kidogo kwenye sanduku la matengenezo: mipira, pete, kifuniko, mkanda. Mwenye gari asibebe mzigo huu peke yake, kwa sababu mavuno ni ya wote.
4. Maji yakipungua kwa juma mbili zinazofuatana, gari haipandi mlima na mzigo mpaka mlango upatikane.

Kanuni ya nne ni ngumu siku tomati zimeiva. Andikeni kabla tomati haijaiva.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari inayobeba mavuno yetu inaongezwa maji mara ngapi kwa juma? Nani anajua jibu?
2. Gari haiachi tone hata moja kwenye kartoni, lakini inapungua nusu lita kila safari. Tutaanza kutafuta wapi?
3. Mshale wa joto unashuka ghafla katikati ya mlima. Shofere afanye nini, na kwa nini?
4. Katika kikundi chetu, mtu anayeleta habari mbaya mapema anashukuriwa ao anagombezwa?

Zoezi: kabla ya mkutano unaofuata, watu wawili waende kwa mwenye gari asubuhi, moteri ikiwa baridi. Wachukue tochi, kartoni, kitambaa na kalamu. Wafuate hatua 1 mpaka 3, waandike walichoona, walete mkutanoni.

Noah ya mjomba ilitengenezwa, na inatembea. Bidoni ya njano bado iko nyuma ya kiti, lakini sasa kuna daftari pembeni yake. Juma lililopita nilifungua daftari hiyo nikiwa njiani. Mistari sita ya mwisho inasema: «Maji: 0.»

Tukutane mwezi ujao, ambapo tutarudia shamba: kuchagua mbegu za maharagwe kabla ya msimu wa mwezi wa tisa.